MREJESHO: Mjusi wa Tendaguru kwenye Excel

Wakuu, niliuliza hapa jinsi ya kumchora mjusi wetu wa Tendaguru, yule dinosaria wa shingo ndefu ambaye mifupa yake ilichimbwa huku Lindi na sasa iko Berlin, kwa kupaka rangi visanduku vya Excel. Visanduku vilikuwa vipana, shingo ikatoka fupi na nene.

Aliyeniambia niweke upana wa safu wima 2.14 na urefu wa safu mlalo 15 (Excel hupima viwili hivi kwa vipimo tofauti), Mungu akubariki. Kila kisanduku kimekuwa mraba, pikseli 20 kwa 20. Shingo imenyooka mpaka juu!

Dada aliyeshauri niandike namba badala ya kupaka kimoja kimoja, nimekufuata: 1 kahawia, 2 kijani, 3 bluu, kisha sharti la rangi (Conditional Formatting) ili kila namba ijipake rangi yake. Nukta mkato tatu (;;;) kwenye muundo wa namba zikazificha zote. Hii ndiyo iliyoniokolea muda kuliko zote.

Kuchapisha ndiko kumegoma kidogo. Mkia uliangukia karatasi ya pili. Nikachagua itoshee ukurasa mmoja, ikakubali, ila jicho, kisanduku kimoja tu cheusi, halionekani vizuri. Hapo bado nahangaika.

Mwanangu keshaibandika juu ya kitanda chake. Asanteni sana.