Picha ya bandari ya Unguja: ni ya mwaka gani?

Mjukuu wa Malindi:
Salamu wakuu. Kwenye sanduku la marehemu bibi nimekuta picha ya bandari ya Unguja, haina tarehe. Beit al-Ajaib, lile jumba la zamani la Sultani, inaonekana vizuri. Baharini mbele yake imechomoza milingoti na bomba la moshi, lakini meli yenyewe haionekani! Ni ya lini?

Mzee wa Forodhani:
Mjukuu wangu, umeokota hazina. Hiyo ni Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa na Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita visivyofika hata saa moja. Mabaki yake yaliondolewa 1912. Sasa utazame mnara: uko peke yake mbele ya jumba, au umeungana nalo?

Mjukuu wa Malindi:
Shikamoo mzee. Umeungana nalo, na una saa.

Mzee wa Forodhani:
Marahaba. Basi ni baada ya ukarabati wa 1897, na kabla mabaki ya meli hayajaondolewa 1912. Mnara wa awali ulibomolewa na mizinga.

Bint Mkunazini:
Tafadhali usiibandue kwenye kadi yake. Iskani pande zote mbili, hata muhuri wa studio. Sehemu ya jumba hilo iliporomoka Desemba 2020, na mafundi wanahitaji kuona nguzo na roshani zilivyokuwa.