Kupima kromosomu za viinitete: ni haki kila anayetafuta mtoto auziwe kipimo hiki?

Wadau wa Kusini, naleta hili kwenu maana linawagusa wengi kimyakimya.

Mdogo wangu na mumewe, wakulima wa korosho Tandahimba, wako Dar wanatafuta mtoto kwa njia ya kupandikiza, yaani yai linarutubishwa maabara, likianza kukua (ndiyo kiinitete) linawekwa kwenye mji wa mimba. Pesa yote ni ya mnada wa msimu uliopita. Kituo kimewaambia waongeze nyingine ili viinitete vipimwe kromosomu, zile nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi, eti kipandikizwe "chenye uhakika". Napinga.

Kipimo kiko hivi: kiinitete kikifika siku ya tano au ya sita, zinatolewa seli chache, tano hadi kumi hivi, kwenye tabaka la nje litakalokuja kuwa kondo. Mtoto anatokana na seli za ndani, na hizo haziguswi. Sasa za nje zaweza kuwa na kasoro huku za ndani ni nzima. Mwaka 2015 madaktari wa Italia walieleza jinsi walivyopandikiza viinitete 18 vyenye mchanganyiko wa seli nzima na zenye kasoro. Walizaliwa watoto 6 wazima! Kwingine viinitete hivyo vingetupwa.

Ukaja utafiti wa China wa 2021, wanawake 1,212 wa miaka 20 hadi 37 waliokuwa na viinitete vizuri vitatu au zaidi. Waliopimiwa, asilimia 77.2 walijifungua. Ambao viinitete vyao vilichaguliwa kwa kuangaliwa umbo tu, asilimia 81.8. Mdogo wangu ana miaka 29. Analipia nini?

Mchangiaji wa Mikindani: Kaka, hayo ni ya wenye miaka 29. Mimi nina 41 na mimba tatu zimetoka. Umri ukisogea, mayai mengi yanakuwa na kasoro za kromosomu, na mimba nyingi zinazotoka mapema chanzo ni hicho. Kupandikiziwa kiinitete kisichoweza kufika popote ni nauli, sindano, siku za kusubiri majibu, halafu unaona damu. Hata HFEA, mamlaka inayosimamia vituo hivi Uingereza, inakubali kwamba kipimo kinapunguza mimba kutoka. Msituzibie njia.

Mleta mada: Pole sana dada, na kwa hali yako ningekipima hata mimi. Sitaki kipigwe marufuku. Ila HFEA hao hao wanasema kwa wagonjwa walio wengi hakiongezi nafasi ya kupata mtoto, kwa sababu hakiboreshi kiinitete, kinachagua tu kati ya vilivyopo. Mwenye viinitete viwili anaweza kubaki mikono mitupu.

Ninachotaka: kabla ya malipo, kituo kiwape wahusika maelezo ya maandishi kwa Kiswahili, kulingana na umri wao, na kiseme vyenye mchanganyiko vitafanywaje. Ushauri huo uanzie huku huku, hospitali ya kanda pale Mitengo, kabla mtu hajapanda basi la Dar. Madaktari na wauguzi mliomo humu, ugumu uko wapi?