Dola 40 nimelipa, jibu nililopata: "Kwani kwenu kuna mpira?"

Mswahili wa Ohio

Wakuu, nimeingia ndani sasa hivi. Koti sijavua, theluji inayeyuka kwenye zulia, mke wangu ananitazama tu. Naandika kabla hasira haijapoa, maana ikipoa nitajifanya mtu mzima ninyamaze, na hili la leo halinyamaziwi.

Yule bwana mnamjua. Simtaji. Anayefuatilia besiboli huku Ohio akisikia "mrushaji mstaafu mwenye sauti kama fuso la mchanga linapanda Kitonga" anajua ni nani. Siku hizi anazunguka kumbi za hoteli kujibu maswali ya mashabiki kuhusu maisha ya mchezaji wa kulipwa na mambo yanayoendelea kwenye ligi. Hayo ni maneno ya tangazo lao wenyewe: kujibu maswali. Kiingilio dola 40. Kupiga picha naye dola 25 nyingine. Picha sikupiga, na namshukuru Mungu kwa hilo, maana leo ningeichana.

Nilibadilishana zamu na Mkongo mmoja pale ghalani, sasa ananidai Jumapili mbili. Nikafika saa moja kabla, nikakaa mstari wa tatu. Jamaa kakaa kwenye kiti kirefu, anatafuna mbegu za alizeti, maganda anatema kwenye kikombe cha karatasi. Kaulizwa kuhusu saa ya kurusha iliyoanza 2023, zile sekunde 15 anazohesabiwa mrushaji. Kalalamika weee, eti ndiyo inawamaliza vijana viwiko. Kaulizwa kuhusu mitambo ya kukagua maamuzi ya mwamuzi, kalalamika tena. Sawa. Ni kazi yake.

Zamu yangu ikafika. Swali nililiandika siku tatu, wakuu, kwa kalamu, kwenye karatasi iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo imefifisha maandishi. Niliuliza hivi:

"Mzee, mchezaji akifikisha siku 43 kwenye kikosi cha ligi kuu anapata haki ya pensheni. Akirudishwa chini siku ya 42, hana. Waliomaliza kucheza kabla ya 1980 walitakiwa wawe na miaka minne kamili. Wewe umelala chumba kimoja na watu wa namna hiyo kwenye ligi ndogo. Mkataba wa wachezaji na wenye timu unaisha Desemba 1, 2026. Ninyi wenye majina, mtawasemea?"

Akatema ganda. Akanitazama kuanzia viatuni kupanda juu. Akasogeza maiki mdomoni, akasema:

"Kwani kwenu kuna mpira?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kijana wa maiki akaja kunivuta maiki, vidole vyangu bado vimeishika, tukavutana kidogo kama watoto wanaogombea mua. Maiki ikaenda kwa mzee mmoja wa mstari wa nyuma, naye akauliza: unapenda aiskrimu gani?

Swali la aiskrimu lilijibiwa wakuu! Lilijibiwa kwa kituo, na babu yake akiwemo, na ng'ombe wa babu yake akiwemo. Kwa urefu ule ng'ombe angeweza kuzaa, akakamuliwa, aiskrimu ikagandishwa na tukagawiwa wote. Mimi nimesimama na karatasi yangu. Kwani kwenu kuna mpira?

Nina miaka tisa Columbus. Timu ya hapa ni ya Triple-A, ngazi ya mwisho kabla ya ligi kuu. Nakwenda siku zile za soseji za senti kumi, nakaa nyuma ya wavu, naona mambo ambayo kwenye televisheni hayaonekani. Nimemwona mdakaji mmoja kijana anaitwa pembeni katikati ya mchezo, anaambiwa amepandishwa ligi kuu. Wenzake wakamrukia wote, mmoja analia. Wiki mbili baadaye yupo palepale, amepiga goti anafunga pedi za miguu, hasemi na mtu. Siku kumi na nne. Nikarudi nyumbani nawaza: huyu amebakiza ishirini na tisa.

Mpaka 2022 mchezaji wa ngazi hiyo kima chake cha chini kilikuwa dola 17,500 kwa mwaka. Makubaliano ya 2023 ndiyo yakampandisha hadi 35,800. Mwaka huohuo aliye ligi kuu hapungui 720,000. Wanatofautiana mlango mmoja tu, tena anayeushika huo mlango siyo wao. Hilo ndilo nililotaka aliseme mtu aliyepita pande zote mbili. Nilitaka jibu tu. Hata angesema "sijui", ningekaa.

Badala yake: kwani kwenu kuna mpira.

Na angejua! Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mama yake alikuwa anafanya kazi kwenye klabu ya Randburg Mets, wanaishi chumba kimoja humohumo klabuni. Alisaini na Pittsburgh Pirates 2008. Akasota ligi ndogo mpaka Aprili 26, 2017, ndipo akawa mzaliwa wa kwanza wa Afrika kucheza ligi kuu, na zamu yake ya kwanza kabisa ya kupiga akaupiga mpira wa mrushaji Jon Lester, akafika kituo cha kwanza. Karibu miaka tisa anasubiri! Ningeachiwa maiki sekunde tano ningemwambia hilo. Nimelikumbuka naendesha gari, taa nyekundu, nikalisema peke yangu kwa sauti mpaka gari la jirani likafunga dirisha.

Wakuu, mtu ana dola zangu 40 mfukoni, maganda mdomoni, ananiuliza kwani kwenu kuna mpira. Nimekosea wapi?

---

Kiroba cha Sembe

Dola 40 ni laki moja na ushee. Laki na ushee kwenda kuulizia pensheni ya mtu mwingine. Mkuu, yako umeshaiulizia?

---

Jogoo la Kisauni

Wallahi weye ulikosea hapo kwenye maiki. Maiki haiachiwi! Mimi ningeishika mpaka watuzime taa wote. Na ungemjibu papo hapo: mpira upo, wa kumwagilia bustani, wataka mita ngapi?

---

Mswahili wa Ohio

@Jogoo ndiyo kinachoniuma. Jibu lilikuja nikiwa garini. Pale nilikuwa natazama karatasi tu, na yeye ameshatema ganda jingine. Halafu hakusema "kwenu kuna besiboli?" Hapana, alisema mpira. Yaani hata tufe hatujaona. Tunarushiana mawe.

---

Fundi Redio

Kwa sisi tunaotazama soka, hebu mtu atueleze: siku 43 za nini? Anacheza au anakaa benchi?

---

Mswahili wa Ohio

@Fundi Redio hata akae benchi zinahesabika, ilimradi yupo kwenye kikosi cha ligi kuu. Ndiyo maana kuitwa juu au kurudishwa chini ni maisha ya mtu. Wale wa kabla ya 1980 wasiofikisha miaka minne waliachwa patupu mpaka 2011, wakakubaliwa malipo ya hadi dola 10,000 kwa mwaka, na akifa mjane harithi. Swali zuri, umeona? Umeuliza, nimekujibu. Sijakuuliza kwenu kuna redio.

---

Mkampala

Pole ndugu yangu, lakini wewe uliingia ukumbini. Sisi Uganda 2011 watoto wetu walifuzu kwenda fainali za dunia za Little League kule Williamsport, timu ya kwanza ya Afrika kufuzu, wakanyimwa viza. Watoto wa miaka 11, 12! Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ikafika, ikawafunga watoto wa Oregon 3-2. Na 2022 vijana wetu wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, wakasainiwa na Dodgers, timu ya ligi kuu hukohuko Marekani. Huyo bwana wako akija Kampala ataulizwa nani amempa ruhusa ya kurusha.

---

Dada wa Mwananyamala

Hata Dar kuna uwanja wa besiboli pale Azania Sekondari, umejengwa kwa msaada wa Wajapani. Mwanangu amesoma jirani, alikuwa anarudi na vumbi jekundu mpaka kwenye masikio. Kwetu mpira upo, mwambie.

---

Kiroba cha Sembe

Amwambie wapi? Kashalipa, kashafukuzwa, karudi na karatasi yake. Mkuu tuwekee picha ya hiyo karatasi tuone mwandiko, labda jamaa alidhani unamsomea risala ya mgeni rasmi.

---

Mswahili wa Ohio

Swali lilikuwa nusu dakika. Nusu! Nimelisoma tena hapa mbele ya mke wangu kwa saa ya simu. Aiskrimu ndiyo ilikuwa risala.

---

Babu wa Lagos 80

Mnalia na pensheni za Marekani wakati waliotupeleka fainali za Afrika kule Lagos 1980 tunakumbushwa majina yao kwenye matangazo ya misiba. Mpaka leo hatujarudia kucheza kama wale. Mimi jirani yangu mmoja alikuwa kwenye soka enzi hizo, goti limevimba kama fenesi, anauza vocha. Siku 43? Yeye ametumikia miaka, hana hata jezi. Jezi ilirudishwa stoo, ikahesabiwa, akasaini!

---

Mbeya Express

Babu usinikumbushe soka. Machi 8, 2025 nimetoka Mbeya na basi la usiku kuja kuangalia dabi. Nimefika Mbezi miguu imevimba, nimeoga kwa shemeji, nimevaa jezi. Mechi imeahirishwa siku hiyohiyo. Siku hiyohiyo! Wahusika mnawajua, siwataji. Ikachezwa Juni 25, mimi niko shambani. Huyo wa Ohio angalau aliyemlipia alimwona.

---

Jogoo la Kisauni

Hahaha! Mbeya Express wewe ndiye wa kupewa pole. Huyu mwengine amekula na soseji za senti kumi.

---

Mswahili wa Ohio

Soseji ni za kiangazi, nazo nalipia. Msiniondoe kwenye mada. Mtu mzima, ukumbini, mbele ya watu mia na kitu, kwani kwenu kuna mpira?

---

Dada wa Mwananyamala

Mimi ningemjibu kwetu kuna rede, ule mchezo wa kukwepa mpira huku unajaza chupa mchanga. Huyo mrushaji na sauti yake ya fuso aje asimame katikati ya wasichana wawili wa Tandale wenye soksi iliyojazwa matambara, aone. Bibi mmoja wa mtaa wetu alikuwa anarusha hujaona mkono ukipanda, umeshapigwa mgongoni.

---

Fundi Redio

Rede nayo tusiisifie sana, ilijaa wizi. Aliyeguswa na mpira kwenye gauni anaapa kwa mama yake kwamba ni upepo.

---

Dada wa Mwananyamala

Gauni halihesabiki. Ni mwili.

---

Fundi Redio

Tangu lini? Sisi Keko gauni ni mwili. La sivyo kila mtu angekuja na gauni la dada yake mkubwa.

---

Kiroba cha Sembe

Na ndivyo walivyokuwa wanakuja! Dada yangu alikuwa anavaa la mama, anajaza chupa mchanga taratibu kama yuko sebuleni, hampati mtu.

---

Mbeya Express

Chupa inajazwa mpaka wapi? Sisi ilikuwa mpaka shingoni, basi, unamwaga unahesabu mchezo.

---

Dada wa Mwananyamala

Shingoni? Huo ni wizi wa mchana kweupe. Mpaka mdomoni.

---

Mswahili wa Ohio

Mpaka mdomoni, na unausawazisha kwa kiganja, na wote waone ndipo umwage. Sisi Magomeni ukimwaga kabla hawajaona, unarudia yote.

---

Jogoo la Kisauni

Kusawazisha kwa kiganja ndiko kupoteza muda ili wenzio wachoke kurusha. Mimi hiyo siikubali hata kidogo.

---

Mswahili wa Ohio

@Jogoo kupoteza muda vipi, na unarushiwa huku umeinama? Hebu eleza, Kisauni mlikuwa mnachezaje.