Mrejesho: nilivyojiandaa kwa maswali ya uelewa wa jumla

Wadau, niliuliza hapa namna ya kujiandaa na maswali ya uelewa wa jumla kwenye usaili wa kuandika wa serikali. Nipo Mtwara, nilikuwa na wiki tatu tu. Wengi mlisema niachane na makaratasi ya "maswali yaliyowahi kutoka", nisome Katiba ya 1977 na nisikilize taarifa ya habari kila siku.

Kichwa ngumu, karatasi nilishanunua stendi. Kumbe ndilo lingenizamisha! Liliandika Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi saba. Mjomba, ambaye redio haimtoki sikioni, akacheka: "Na Somalia je, mwanangu?" Somalia iliingia 2024, nchi zikawa nane. Kwenye usaili swali likaja lilelile.

Basi kila jioni tukawa tunabangua korosho, yeye anauliza, mimi najibu. Daftari langu limejaa madoa ya utomvu, ukurasa wa Muungano (26 Aprili 1964) hausomeki tena. Ya kwetu yaliingia bila jasho: Mkapa, mtu wa Masasi, rais 1995 hadi 2005; gesi iligunduliwa Songo Songo, Lindi, 1974, kisha Mnazi Bay, 1982. Tarehe za mikataba ndizo zilizonitesa, na mbili nilibahatisha.

Majina yametoka juzi, nimo. Sasa ni mahojiano ya ana kwa ana, na nauli bado naisaka. Aliyewahi kupita hatua hiyo, wanauliza nini hasa?