Mjadala: Wamisionari waliokwenda kwa Wamaori walikuwa wageni wa machifu au watangulizi wa serikali?

Mdadisi wa Pangani

Wakuu salaam. Kila tukigusa dini na ukoloni, ule msemo hauchelewi kuletwa: walituambia tufumbe macho tusali, tulipofumbua Biblia iko mikononi mwetu na ardhi iko kwao. Juzi mdau mmoja kauhamishia Nyuzilandi, eti Wamaori, wenyeji wa huko, nao walifanyiwa vivyo hivyo. Napinga. Kwa miaka 25 ya mwanzo msemo huo hauwahusu hata kidogo. Anayebisha aje na tarehe.

Desemba 25, 1814 Samuel Marsden, kasisi wa koloni la New South Wales aliyekuwa na makazi yake Parramatta, alihubiri Oihi, kwenye Bay of Islands. Mwenyeji wake alikuwa Ruatara, chifu kijana aliyewahi kuishi kwa Marsden na kujifunza kilimo cha ngano. Ruatara ndiye aliyetengeneza mahali pa ibada, na ndiye aliyewaeleza watu wake kilichosemwa. Familia tatu zilizobaki, za Thomas Kendall, William Hall na John King, zilijengewa chini ya ngome yake. Hakukuwa na askari, hakukuwa na gavana. Ruatara alipofariki Machi 1815, wakabaki chini ya jamaa yake, Hongi Hika.

Najua mtanitajia zile eka 200 ambazo Marsden alizipata kwa mashoka 12. Sawa, bei ya kutupa. Lakini nani angeweza kumfukuza mwenzake pale? Wazungu walitegemea viazi na nguruwe kutoka kwa Wamaori, na Wamaori ndio walioamua wanataka kulipwa nini. Walitaka magobori.

Mwaka 1820 Hongi alisafiri na Kendall hadi Uingereza. Huko Cambridge akakaa na Profesa Samuel Lee wakitayarisha kitabu cha sarufi ya Kimaori, akaonana na mfalme George IV, akapewa zawadi. Alipofika Sydney akiwa njiani kurudi, zawadi nyingi akazibadilisha kwa magobori. Kuanzia 1821 maadui zake wa kusini walikiona. Na muongofu wa kwanza kubatizwa? 1825. Miaka kumi na zaidi ya mahubiri bila kumpata mtu. Sasa niambieni hapo nani alikuwa anamtumia nani.

Nyundo

Kwa hiyo misheni inapitisha magobori, maelfu wanauawa, halafu tuwaite wageni. Mgeni gani huyo?

Mdadisi wa Pangani

Mkuu, usibebeshe misheni mzigo wa bandari nzima. Kororareka, bandari ya hapo Bay of Islands, ilijaa wavuvi wa nyangumi na wachuuzi wa kila aina, na silaha nyingi zilipita kwao. Kendall alifanya biashara hiyo, kweli, na akaingia kwenye uhusiano na binti wa kuhani wa Kimaori huku ana mke. Chama chake cha wamisionari wa Kianglikana, CMS, kilimfukuza. Simtetei.

Binti wa Rabai

Naona mnazungumzia makasisi na machifu tu. Wamaori wa kawaida wamepotelea wapi? Mimi nadhani habari kubwa ni ya mateka.

Vita vya magobori viliwajaza mateka Ngapuhi, kabila la Hongi, yaani huko huko kaskazini kwenye vituo vya misheni. Watu hawa walifungwa kutoka kila upande wa kisiwa, na wengi walijifunza kusoma Paihia na vituo vingine. Mabwana zao walipoanza kuwaachia, hasa miaka ya 1830, walirudi makwao na vitabu. Mzungu alipofika mara nyingi alikuta watu tayari wanasali na wanajua alfabeti. Alichelewa!

Chukueni habari ya Tarore. Mwaka 1836 binti huyu mdogo aliuawa usiku karibu na maporomoko ya Wairere na kikosi kilichokuja kulipiza kisasi. Alikuwa na Injili ya Luka ya Kimaori. Baba yake, Ngakuku, akawakataza watu wake kulipiza. Kitabu kilichukuliwa na Uita, mmoja wa wavamizi, naye hakujua kusoma. Aliyemsomea ni Ripahau, mateka aliyesomea Paihia. Baadaye Ripahau alifika Otaki akawafundisha vijana wa huko, akiwamo Tamihana, mtoto wa yule chifu Te Rauparaha aliyetisha nchi nzima. Tamihana na binamu yake wakapanda chombo hadi Bay of Islands kuomba mwalimu, na 1839 wakapewa Octavius Hadfield. Mnaona? Walikwenda wenyewe kumfuata.

Sisi wa pwani hili halitushangazi. CMS hiyo hiyo ilimleta Krapf Mombasa 1844, na watumwa walioachiwa huru waliokaa Rabai na Frere Town ndio waliobeba kazi kubwa ya kufundisha. Lakini vitabu vinaanza na Krapf, na huko vinaanza na Marsden.

Mzee wa Majalada

Wanangu, mmeongea vizuri, ila mnazunguka penyewe. Penyewe ni Februari 1840.

Usiku wa Februari 4 Henry Williams wa CMS na mwanawe Edward waliutafsiri kwa Kimaori mkataba wa Waitangi, kati ya Malkia wa Uingereza na machifu. Siku mbili baadaye machifu wapatao 40 wakatia alama zao, Hone Heke akiwa wa kwanza. Nakala ikatembezwa nchini, mara nyingi na wamisionari, hadi walioweka alama wakapita 500. Kiingereza kinasema machifu wamemkabidhi Malkia mamlaka kamili. Kimaori kinasema wamempa utawala, wao wanabaki na enzi yao juu ya ardhi, vijiji na mali zao. Karibu wote walitia alama kwenye Kimaori, na aliyekuwa akiwaeleza na kuwahakikishia ni mtu waliyemwamini miaka 17.

Simwiti Williams mwongo. Yeye na wenzake London walikuwa wameipinga New Zealand Company na walowezi wake, wakaona afadhali Malkia. Ni kuruka mkojo wakakanyaga mavi. Na mwenyewe alikuwa amejinunulia ardhi, zipatazo eka 11,000, akisema ana watoto 11 wa kuwarithisha. Gavana Grey akalivalia njuga jambo hilo hadi CMS ikamwachisha kazi, ikamrudisha 1854. Hapo msemo anaoukataa Mdadisi unaanza kuwahusu.

Mdadisi wa Pangani

Mzee shikamoo. Nilisema miaka 25. Ukitoka 1814 ukaongeza 25 unapata 1839, kwa hiyo hatujapingana.

Nyundo

Hahaha, mahesabu ya wakili. Endeleza basi. Julai 1863 jeshi la serikali linaivamia Waikato, eneo la Wamaori. Askofu Selwyn anafuatana na majeshi kama kasisi wao. Februari 21, 1864 wanaingia Rangiaowhia, kijiji cha Wakristo kilichokuwa kikisaga unga wa ngano na kuuza Auckland, penye wazee, wanawake na watoto. Nyumba ikachomwa na watu ndani. Kisha zaidi ya eka milioni moja za Waikato zikachukuliwa.

Mwaka uliofuata Carl Völkner, kasisi wa CMS, ananyongwa Opotiki na waliokuwa waumini wake. Sababu? Alikuwa akimwandikia Grey barua za habari za wenyeji wake. Serikali ikalipiza, ardhi ikaenda tena, na chifu Mokomoko akanyongwa 1866 huku akikana. Akasamehewa rasmi 1992. Wageni hao!

Binti wa Rabai

Nyundo, hayo yote kweli. Ila wangekuwa wamedanganywa tu, wangekitupa kitabu pamoja na makasisi. Hawakukitupa. Te Kooti akaanzisha kanisa la Ringatu akijilinganisha na Waisraeli wa kwenye kitabu cha Kutoka. Te Whiti wa Parihaka, aliyefundishwa na mmisionari Mlutheri wa Kijerumani, aliwapokea askari wa serikali 1,600 hivi Novemba 5, 1881 kwa watoto wakiimba na mikate mezani. Akawekwa kizuizini bila kuhukumiwa. Siku ile nani alikuwa Mkristo pale?

Mzee wa Majalada

Swali zuri, binti yangu, nami naongeza moja. Tauranga, sehemu ya Te Papa, CMS ilichukua zaidi ya eka 1,000 mwishoni mwa miaka ya 1830, ikisema inawashikia Wamaori. Mwaka 1867, kwa kubanwa na serikali, sehemu kubwa ikaikabidhi, na mji ukajengwa juu yake. Mwaka 2018 Kanisa la Anglikana likawaomba radhi wenyewe, koo za Ngai Tamarawaho na Ngati Tapu. Mdadisi, hao uliowaita wageni wakishaomba radhi, ardhi inabaki kwa nani?

Nyundo

Kwa mji, Mzee. Radhi haina hati.

Mdadisi wa Pangani

Hilo nalijibu kesho, Mzee. Ila Te Papa ni 1867, na hoja yangu ya Oihi bado haijaguswa na mtu.