Nanasi kwa sainasi: naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Vumbi la kiangazi hapa Dodoma limeniamshia sainasi. Nikiinama kufunga kamba za viatu, paji la uso linagonga hadi machozi yanatoka. Dawa ya kupuliza niliyopewa hospitali naendelea nayo. Sasa mama mkwe anasisitiza nile nanasi, tena na ule moyo mgumu wa katikati tunaoutupa, maana una kimeng'enya cha bromelaini kinachosaidia kupunguza uvimbe. Sawa, ila nina vidonda vya tumbo na nanasi lina asidi. Jirani naye eti nidondoshee ndimu puani. Hiyo hapana, itaniunguza! Aliyepata nafuu kwa nanasi, alikula kiasi gani, na tumbo lilivumilia? Au nihamie kwenye papai?