Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya Kenya: "afya" ya mama ni ipi, na nani anaamua?

Mada: Katiba ya Kenya ya 2010 yasema uhai huanza mimba inapotungwa, kisha yaruhusu kuavya kukiwa na dharura, au uhai ama afya ya mama ikiwa hatarini. Kanuni ya Adhabu nayo ina kifungu 158, miaka 14 kwa anayemwavya mwanamke. 159, miaka 7 kwa mwanamke mwenyewe. 160, miaka 3 kwa mwenye kutoa dawa au vifaa. Bunge liguse wapi?

Mzee wa Kanisa: Lifute neno "afya", libaki "uhai". Mwaka 2010 makanisa yaliipinga rasimu kwa hilo na Mahakama za Kadhi. Tazameni Sheria ya Afya ya 2017: afya ni ya mwili, akili na hali ya kijamii. Ya kijamii! Nini kitakosa kuingia hapo?

Wakili: Mzee, Bunge peke yake haliwezi. Hiyo ni Sheria ya Haki, sura ya haki za msingi ndani ya Katiba, na kifungu 255 cha Katiba chataka kura ya maoni: wapiga kura wasiopungua asilimia 20 wajitokeze katika kila mojawapo ya kaunti 24 kati ya 47, na wengi wakubali. Isitoshe, mlango si wazi hivyo. Kifungu cha 6 cha sheria hiyo ya 2017 kinataka daktari, muuguzi, mkunga au afisa wa kliniki aliyefunzwa matatizo ya ujauzito, mwenye leseni hai, katika kituo kinachotambuliwa. Muuza dawa wa mtaani hayumo.

Muuguzi: Kinachotuangusha ni karatasi. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa 2012 kuhusu kupunguza madhara ya uavyaji usio salama uliondolewa Desemba 2013; Mahakama Kuu ikasema Juni 2019 kwamba kuuondoa kulikiuka sheria. Hiyo miaka yote watu walifanya kazi kwa woga. Mwanamke akiletwa anavuja damu, presha imeshuka hadi 80 kwa 50, ana homa, ni dripu, damu, antibiotiki, kisha kusafisha kizazi. Mimba ilitoka yenyewe au ilitolewa, dharura ni ile ile. Kwenye faili andika saa, presha, wiki za mimba, hatari ni ipi hasa, jina na namba ya leseni. "Hali mbaya" tupu haikusaidii polisi wakija. Aliyebakwa naye akiwahi kabla ya saa 120, vidonge vya dharura vinaweza kuzuia mimba, na mjadala huu wote haumhusu tena.

Mzee wa Kanisa: Kwa anayevuja damu hatubishani. Wengine basi, watie sahihi wataalamu wawili.

Wakili: Katiba yataka maoni ya mmoja.

Muuguzi: Na zahanati nyingi zina huyo mmoja tu, mzee wangu. Usiku, huyo wa pili atoke wapi?